Maboksi sita ya magazini za redio na kichwa cha miaka 73

4 Januari

Naanza kuandika haya kwa sababu mjukuu kanambia babu ukiandika hutosahau umefikia wapi, na ndo shida yenyewe hiyo, kusahau. Mie ni fundi redio na simu, nimestaafu zamani, nakaa Tanga, Makorora, na chini ya kitanda cha chumba cha wageni kuna maboksi sita ya magazini za ufundi ambayo bi mkubwa ameshaapa mara tatu atampa muuza karanga afungie.

Kilichonitoa usingizini ni hiki. Mwezi uliopita jirani kaniletea redio yake ya National, zile za zamani, nikaifungua nikakuta risista moja imebabuka, nikaenda kwenye kopo langu kutafuta nyingine, nikaokota moja nikaisoma njano, kijivu, nyekundu. Sasa kwa wasiojua, risista ni kidude cha kupunguza umeme unaopita, na ile ndogo haiandikwi namba, inachorwa mistari ya rangi, nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9, mistari miwili ya kwanza ni tarakimu na wa tatu unakwambia uweke sifuri ngapi. Kwa hiyo 4, 8, sifuri mbili, 4800. Na risista ya 4800 haipo! Kwenye mfululizo wa kawaida ukitoka 39 unaenda 47 halafu 56, hiyo 48 hamna, kila fundi anajua kama anavojua siku za wiki. Nikaweka mita, ikasema elfu nne na mia saba. Nikakaa kwenye kiti. Miaka arobaini nasoma rangi hizi, gizani karibu, leo nimezichanganya.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia jirani aje kesho.

5 Januari

Mpango wenyewe. Kila siku baada ya alasiri saa moja, isizidi, magazini moja. Nasafisha, naandika kwenye daftari jina, mwezi, mwaka, na kuna nini ndani, halafu nachagua sakiti moja (mchoro wa vipuri vinavoungana) naisoma mpaka niielewe. Kesho yake KABLA sijafungua naichora kwa kichwa kwenye karatasi tupu, ndo nalinganisha. Hicho kipande cha mwisho ndo dawa yenyewe kwa akili yangu, maana kusoma tu hata ukiwa umelala nusu unaweza, macho yanapita kwenye mistari kichwa kipo sokoni.

Binti yangu wa pili ni muuguzi, nilipompigia nikauliza kijuujuu tu (nikasema ni rafiki yangu mmoja) akanambia usidanganywe hakuna mtu aliyethibitisha kwamba kusoma magazini za zamani kunazuia ugonjwa wa kusahau, ila kichwa kinachofanyishwa kazi ni bora kuliko kinachokaa. Akanambia pia huko Hai, Kilimanjaro, walishapita nyumba kwa nyumba kupima wazee wa miaka 70 na kuendelea wakakuta kama 6 katika kila 100 wana huo ugonjwa, na hapohapo Hai wakajaribu tiba ya kuwakusanya wazee kwenye vikundi, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, vikao 14, wanazungumza mambo ya zamani, wanashika vitu, wanacheza michezo ya maneno. Nikamuuliza wanashika vitu gani, akasema vyovyote vya zamani. Nikaangalia chini ya kitanda.

Halafu akaniuliza, baba huyo rafiki yako ana miaka mingapi?

9 Januari

Hesabu imekamilika, zote ni magazini za Uingereza. Practical Wireless 141, Practical Electronics 43, Everyday Electronics 22, Wireless World 12. Jumla 218. Kati ya hizo 17 hazina kava kabisa, ni kurasa za ndani tu.

Zimetoka wapi: nyingi Nairobi. Mwaka 1973 Posta na Simu ya Afrika Mashariki walinipeleka chuo chao cha Mbagathi (leo hapo ni chuo kikuu, Multimedia), na sisi vijana wa Tanganyika, Uganda na Kenya tulikuwa tunachanga hela kununua magazini moja mitumba kwa wauza vitabu wa barabarani, tunasoma kwa zamu, mwisho wa mwezi tunapiga kura nani abaki nayo. Mie nilikuwa na bahati ya kura sijui kwa nini. Jumuiya ikavunjika 1977 kila mtu akarudi kwao, mie na begi la nguo na boksi mbili. Zilizobaki alinipa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la redio hapa Tanga, siku anahamia Uingereza kwa watoto wake, alikuwa analetewa kwa meli, ya Januari anaisoma Mei. Ameweka alama ya penseli kila sakiti aliyoijenga. Ana mwandiko mzuri yule mzee.

14 Januari

Hali ya mzigo si nzuri. Pwani hii chumvi na unyevu havina huruma, zile pini za stepla za katikati karibu zote zimeota kutu, na kutu imekula karatasi, ukifungua kwa haraka ukurasa wa katikati unabaki mkononi. Naondoa pini taratibu kwa koleo ndogo na kisu butu, nashona upya kwa uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale. Selotepu nilitumia miaka ya 80 na najuta, imegeuka kahawia, gundi imetoka pembeni imegandisha kurasa mbili mbili. Msije mkaweka selotepu kwenye karatasi mnayoitaka.

Boksi la nne lina wadudu. Sio mchwa, mchwa ningelia, ni wale wembamba rangi ya fedha wanakimbia ukiwasha taa.

15 Januari

Nilitia majani makavu ya mwarobaini kama tulivokuwa tunafanya kwenye mahindi. Nimetoa leo, wadudu wapo na majani yameacha madoa. Basi.

17 Januari

Mjukuu kasoma mahali kwamba wenye maktaba wanagandisha. Unatia kwenye mfuko wa nailoni, unatoa hewa, unafunga vizuri, unaweka kwenye friza kama wiki mbili, wadudu na mayai yote kwisha, ukitoa unaacha kwanza irudi joto la chumbani ndo ufungue mfuko, la sivo jasho lote linaingia kwenye karatasi. Tumeweka 20 za kwanza.

18 Januari

Bi mkubwa kafungua friza kutoa samaki wake changu akakuta Practical Wireless. Sitaandika alichosema. Tumekubaliana nipate droo ya chini peke yake, na mfuko uwe miwili, na nimnunulie changu wengine ingawa changu wake hawajaguswa.

25 Januari

Kuchora kwa kichwa. Wiki ya kwanza nilikuwa najidanganya, nachagua vitu navyovijua toka ujana. Wiki hii nimechagua kwa kufumba macho, imetoka kengele ya mlango ya transista mbili, kesho yake nimechora nimesahau kapasita moja na nimegeuza transista kichwa chini. Juzi taa ya kuwaka na kuzima, nimepata yote. Jana kipima mvua (ndio, kengele inalia mvua ikianza ili uanue nguo, Waingereza na mvua yao), nimekosa nusu. Naandika alama pembeni kama mwalimu.

Lakini rangi bado. Nikijipima kwa mdomo, nyeusi kahawia nyekundu chungwa njano kijani bluu zambarau kijivu nyeupe, sikosei hata moja, mbele na nyuma. Nikishika risista zenyewe nakosea. Yaani najua halafu sijui. Hii inanitisha kuliko ningesahau moja kwa moja.

2 Februari

Sasa nimefika kwenye zile 17 zisizo na kava, na hapa ndo raha ilipo jamani, sikutegemea. Mwezi na mwaka havipo, inabidi upeleleze. Nimekaa nazo siku tano na nimeanza kupata mbinu:

Bei kwanza. Waingereza walibadili hela yao 15 Februari 1971, kabla ya hapo shilingi na peni za zamani, pauni moja shilingi 20 na shilingi moja peni 12, baada ya hapo pauni moja peni 100. Kwa hiyo tangazo la transista likiwa na mkwaju, 2/6 hivi, hiyo ni ya kabla. Peni tupu, ya baada.

Pili transista zenyewe. Ukiona OC71, OC44, AF117, hizo zimetengenezwa kwa germaniamu, wakubwa wa miaka ya 60. Ukiona BC108 imejaa kila ukurasa, hiyo ni ya silikoni, iliyokuja kuchukua nafasi ya germaniamu, imeshashika nchi. Na ile saketi ndogo ya miguu minane, 555, ilitoka 1972, ukiiona ndani ya magazini basi haiwezi kuwa ya 1971 hata uape.

Tatu vipimo vya masafa ya redio, za zamani wanaandika kc/s, mwisho mwisho wa miaka ya 60 wakahamia kHz.

Halafu kodi! Hii niliivumbua mwenyewe nikapiga meza. VAT ilianza Uingereza 1 Aprili 1973, asilimia 10. Mwezi wa saba 1974 wakashusha 8. Mei 1975 vitu vya anasa, redio na televisheni zikiwemo, wakavipandisha 25, Aprili 1976 wakarudisha 12 na nusu, halafu Juni 1979 wakafanya 15 kwa vyote. Na wauza vipuri wote kwenye matangazo wanaandika "ongeza VAT asilimia kadhaa". Kwa hiyo magazini yangu namba 9 isiyo na kava ina wauza vipuri wanalia na 25, basi ipo katikati ya Mei 1975 na Aprili 1976, haina pa kutokea. Ukiweka mwezi mmoja miwili mbele na nyuma kwa sababu matangazo yanapigwa chapa mapema, umeishika.

Nimekuwa naacha makala nasoma matangazo. Mara ya kwanza kwenye maisha yangu.

Saa moja yangu imekuwa saa mbili na nusu. Bi mkubwa kaja kuniuliza kama nimeswali magharibi.

6 Februari

Mjukuu kasema kwa upole kabisa, "Babu samahani, mbona hizi zote zimeskaniwa zipo intaneti?" Akanionesha kwenye simu. Zipo kweli. Za 1932 mpaka zangu.

Nilinyamaza kama dakika. Nikatoka nje nikamwagilia mchicha.

7 Februari

Nimelala nikaamka na jibu, zile za kwenye simu zitakuwa karatasi ya majibu. Mie napeleleza kwanza, naandika mwaka wangu kwenye daftari na sababu, halafu yeye anatafuta kwenye simu ananipa tiki au mkasi. Hairuhusiwi kuangalia kabla. Amekubali kwa sharti moja kwamba na yeye apeleleze tatu, na mshindi anapewa soda na mshindwa.

Kwa taarifa yenu yule mhariri wa kwanza wa Practical Wireless, F. J. Camm, alikuwa ndugu wa yule aliyechora ndege ya vita ya Hurricane, Sydney Camm. Hilo halimsaidii mtu kitu ila nimelipenda.

11 Februari

Leo nimefahamu.

Tumekaa mezani, mjukuu kamwaga kopo la risista, tunazipanga kwa thamani maana nataka kujenga kitu. Nikamwambia nipe ile ya njano kijivu nyekundu, akatafuta akasema haipo babu. Nikamwambia hiyo hapo mbele yako. Akaichukua, akaisogeza dirishani, akasema, "Hii? Hii ni njano, zambarau, nyekundu."

Nikamwambia wewe huoni vizuri. Akachukua nyingine. Zambarau. Na nyingine. Akaniwekea mbili pamoja kwenye karatasi nyeupe, moja ya zambarau kweli na moja ya kijivu kweli, wallahi nilizitazama zote mbili ni rangi ya majivu ya mkaa, labda moja ina uchafu zaidi.

Miezi miwili nalala nafikiria kichwa kinaondoka. Kumbe sijasahau, sioni.

12 Februari

Nimempigia binti, safari hii bila rafiki. Akacheka akalia kidogo. Akasema baba huo ni mtoto wa jicho, lenzi inakuwa ya manjano taratibu miaka na miaka, unaona dunia kwa kioo cha chai, na rangi za mwanzo kuibiwa ni bluu na zambarau, wala mtu hajui kwa sababu haiji kwa siku moja. Halafu kanambia kitu kimenikalisha: mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitoa orodha ya mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau ambayo mtu anaweza kuyashughulikia, presha, sukari, sigara, kutosikia, upweke, na mwaka huo ndo wakaongeza kutoona kusikotibiwa. Wanasema yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa pengine wangeepuka au ungechelewa. Mie nilikuwa nakazana na sakiti huku tundu lipo kwingine.

Miwani nilinunua mwaka juzi, aliyeniuzia hakunitazama ndani ya jicho, alinipa ubao wa herufi nikasoma nikalipa nikaondoka. Herufi nyeusi kwenye nyeupe nani atashindwa.

20 Februari

Kliniki. Macho yote mawili, la kulia zaidi. Tarehe nimepewa.

Friza, kundi la pili limetoka, wamekufa wote.

28 Februari

Matokeo ya upelelezi: kati ya 17, mwaka sawasawa 12, nimekosea kwa mwaka mmoja 3, bado 2 hazijulikani. Mjukuu tatu zake kapata moja. Soda nimekunywa mie, ya tangawizi.

10 Machi

Jicho la kulia limefanyiwa jana, wanakutoa lenzi iliyochakaa wanakuwekea ya plastiki, sikuhisi maumivu, nilisikia maji tu na daktari anaongea na mwenzake habari za mpira. Leo wametoa pamba. Nimeambiwa nisiiname, nisibebe kitu kizito, matone mara nne, kwa hiyo maboksi marufuku mwezi huu.

Nimefika nyumbani bi mkubwa kafungua mlango, kanga aliyovaa ni zambarau kali. Nikamwambia hiyo mpya? Akasema hii umeninunulia wewe, una mwaka wa nne unaiita ya kijivu, nilidhani unanitania.

Nimekaa barazani nafumba jicho moja moja. La kushoto, ukuta wa jirani ni krimu. La kulia, ni mweupe. Kushoto, krimu. Kulia, mweupe. Watoto wanaopita wamesimama wananitazama.

2 Aprili

Nimeruhusiwa kurudi mezani. Naendelea kuchora kwa kichwa, sijaacha, maana jicho ni jicho na kichwa ni kichwa, na ile sakiti ya mvua bado inanishinda (nimejaribu mara nne!). Ila sasa naona nilichokuwa nafanya miezi ile, nusu ya makosa niliyojiandikia yalikuwa ya kuona, michoro yenye mistari miembamba kwenye karatasi iliyokuwa ya njano na jicho la njano. Nimerudi kwenye daftari nimeweka alama J pembeni ya yale ninayoshuku ni ya jicho. Binti kasema hiyo yenyewe ni dalili nzuri, mtu kukagua daftari lake. Sijui kama alikuwa ananifariji.

19 Aprili

Tumejenga redio! Mwaka 1972 Ferranti walitoa kidude kinaitwa ZN414, kina miguu mitatu kama transista ila ndani ni redio nzima karibu, kinakula betri moja tu ya volti 1.5, na magazini za mwaka uliofuata zilichanganyikiwa nacho. Mzee wa Kihindi ameweka alama ya penseli pale, "imefanya kazi", kwa hiyo nikaona aibu kutojenga. ZN414 yenyewe haipatikani siku hizi ila kuna ndugu yake, TA7642, mjukuu kaagiza tano. Waya nimezungushia kwenye kijiti cha feraiti (ndo antena yake) nilichokitoa kwenye mzoga wa redio, kama mizunguko 80, nikiwa nahesabu kwa sauti na bi mkubwa akiniuliza maswali makusudi nipotee.

Mchana kimya, mshindo tu wa pikipiki. Usiku saa nne tumekaa barazani, nikageuza kapasita taratibu, ikaja sauti ya Kiarabu, inapanda, inazama, inapanda tena, kama mtu anaongea akiwa ndani ya mtumbwi. Mjukuu ana simu yenye dunia nzima mfukoni lakini aliweka kile kisikilizio sikioni hakunirudishia nusu saa.

3 Mei

Jicho la kushoto mwezi wa sita.

Bado mbili zisizo na kava. Moja nadhani nitaipata, ina 555 na matangazo ya asilimia 8, kwa hiyo ni katikati ya Julai 1974 na Juni 1979, natafuta kitu cha kuibana zaidi. Ya pili ni mtihani. Hela za zamani, kc/s ukurasa mmoja na kHz ukurasa mwingine, OC71 na BC108 zimekaa pamoja, na kwenye ukurasa wa 40 yule mzee mwenye duka kaandika kwa penseli tarehe na mwezi, mwaka umeliwa na mdudu. Nimeiweka dirishani, kesho naitazama kwa jicho la kulia.